Costello Arudi na Fidla Zake, Wahakiki Wapiga Makofi

Julai 2018, mashabiki wa Elvis Costello waliokwisha kukata tiketi za maonyesho yake ya Ulaya walipata tangazo kutoka kwake mwenyewe: maonyesho sita yaliyobaki yamefutwa. Madaktari walikuwa wamemfanyia upasuaji kuondoa uvimbe wa saratani, mdogo lakini mkali, naye akaharakia kurudi jukwaani kabla mwili haujapata nguvu. Katika tangazo hilohilo aliweka na habari njema. Yeye na bendi yake, The Imposters, walikuwa wamemaliza albamu mpya wanayojivunia, na ingetoka Oktoba.

Ikatoka kweli, tarehe 12 Oktoba, kwa jina la "Look Now". Ina nyimbo 12, na hata aliyeizoea sauti ya Costello kwa miaka arobaini ilimbidi akae chini asikilize kwa makini. Gitaa lililomjengea jina limerudishwa nyuma. Mbele zimepangwa fidla, tarumbeta na filimbi, piano ya Steve Nieve, na waitikiaji wanaodakia mistari yake kwa sauti tamu za miaka ya 1960. Costello alikuwa na umri wa miaka 64. Wahakiki wengi wa Uingereza na Marekani waliipokea kwa mikono miwili. Walisema, kila mmoja kwa namna yake, kwamba hii ni kazi yake bora tangu "Painted from Memory" ya mwaka 1998, na kwamba hatimaye mkongwe amerudi kwenye pop ya kifahari.

Kuhusu ubora hawakukosea. Habari ya kurudi ndiyo yenye walakini.

Pop ya kifahari, kwa msomaji asiyeifuatilia, ni ule muziki uliotamba redioni Marekani na Uingereza katika miaka ya 1960: mwimbaji mmoja mbele, orkestra nyuma yake, na kila ala imeandikiwa nota zake na mtu aliyesomea kazi hiyo. Fundi wake mkuu alikuwa Mmarekani Burt Bacharach, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye pamoja na mtunzi wa maneno Hal David alimtungia Dionne Warwick nyimbo nyingi zilizovuma. Nyimbo za Bacharach huingia sikioni kwa ulaini, lakini mwimbaji akizijaribu mwenyewe hukuta zimejaa mitego: mapigo yanabadilika katikati ya ubeti, na sauti inatakiwa ipande pale ambapo pumzi imekwisha. Aliyekulia kwenye taarab ya orkestra ya Unguja hatashangaa kuona fidla zikimzunguka mwimbaji. Kwa vijana wa panki wa London mwaka 1977, huo ulikuwa muziki wa wazazi wao, na wazazi ndio waliokuwa wakiasiwa.

Mwaka huohuo ndipo Costello alipojitokeza. Jina lake halisi ni Declan MacManus. Alikuwa opereta wa kompyuta katika kiwanda cha vipodozi cha Elizabeth Arden jijini London, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa ya fremu nyeusi, pale kampuni ndogo ya Stiff ilipotoa albamu yake ya kwanza, "My Aim Is True". Desemba 1977 alialikwa kupiga moja kwa moja kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, "Saturday Night Live". Alianza wimbo waliokubaliana, akausimamisha baada ya sekunde chache, akaigeukia bendi na kuanza wimbo mwingine, "Radio Radio", unaowasema wenye redio. Watayarishaji walichukia, na ilipita miaka zaidi ya kumi kabla hajarudi kwenye kipindi hicho.

Tukio lile lilimpa umaarufu na likampa pia kifungo. Tangu siku ile wahakiki humsikiliza wakiwa na yule kijana mkali kichwani, na kila anapoimba taratibu huandika kana kwamba amehama mji.

Nyumbani kwao hali ilikuwa tofauti kabisa na picha hiyo. Baba yake, Ross MacManus, alikuwa mwimbaji wa Joe Loss Orchestra, bendi kubwa ya dansi iliyosikika kwenye redio ya BBC. Kazi yake ilimtaka ajifunze haraka nyimbo zilizokuwa zikivuma, kwa hiyo alikuja nyumbani na santuri na karatasi za nota, akazirudia hadi zikae kichwani, na mtoto yuko palepale anasikia. Novemba 1963 Ross aliimba na bendi hiyo katika onyesho la kila mwaka linalohudhuriwa na familia ya kifalme. The Beatles walikuwa katika orodha ya wasanii wa usiku huo, na baba akamletea mwanawe sahihi zao. Mama naye aliwahi kufanya kazi ya kuuza santuri dukani. Mtoto wa nyumba hiyo hakuhitaji kufundishwa ukubwani kwamba wimbo unaweza kuvaa fidla.

Ushahidi upo hata kutoka enzi za panki yenyewe. Katika ziara ya wasanii wa Stiff ya mwaka 1977, Costello alipanda jukwaani na kuimba "I Just Don't Know What to Do with Myself", utunzi wa Bacharach na David. Rekodi yake ilitoka mwaka uliofuata kwenye albamu ya ziara hiyo, "Live Stiffs Live". Alikuwa na miaka 23. Hapo ni miaka arobaini na moja kabla ya "kurudi" kulikoshangiliwa.

Mara ya kwanza wahakiki walipolazimika kumkabili Costello wa orkestra ilikuwa mwaka 1982, ilipotoka "Imperial Bedroom". Albamu zake za awali zilirekodiwa mbiombio, mtayarishaji akiwa Nick Lowe, mtu asiyependa kumaliza mwezi akihangaikia wimbo mmoja. Safari hii Costello alimchukua Geoff Emerick, fundi mitambo aliyerekodi "Revolver" na "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" za The Beatles, wakajifungia katika studio za AIR, London, wakiwa na wiki kadhaa za kuchezea. Wakaongeza kodiani, kinanda cha kizamani cha nyuzi, sauti juu ya sauti. Kwa wimbo "...And in Every Home" Steve Nieve, aliyesomea muziki chuoni, aliandika mpangilio wa orkestra nzima.

Kampuni ya Columbia ilitangaza albamu hiyo Marekani kwa neno moja linalomaanisha "kazi bora kuliko zote", likafuatiwa na alama ya kuuliza. Tangazo la kibiashara linalojitilia shaka lenyewe ni kitu adimu, na alama ile ya kuuliza ilifanya kazi kuliko neno lililoitangulia. Kila mhakiki alijiona ameulizwa swali na anapaswa kulijibu. Wengi walijibu ndiyo: katika kura ya mwaka ya wahakiki wa Marekani iliyoendeshwa na gazeti la Village Voice la New York, "Imperial Bedroom" ilishika nafasi ya kwanza kwa mwaka 1982. Wanunuzi hawakuwa na haraka hiyo. Uingereza albamu ilifika namba 6, Marekani ikaishia namba 30, na hakuna wimbo wake uliogeuka kuwa kibao cha mtaani. Kwa hiyo kipimo ambacho Costello amepimwa nacho miaka yote hii ni albamu iliyopendwa zaidi na wanaolipwa kusikiliza.

Kipimo cha pili ni "Painted from Memory". Mwaka 1995 Costello na Bacharach waliombwa kutunga wimbo kwa ajili ya filamu "Grace of My Heart", inayosimulia maisha ya mtunzi wa kike wa nyimbo za pop. Wawili hao waliishi mbali, na wimbo uliozaliwa, "God Give Me Strength", walitunga kwa simu na faksi. Filamu ilitoka 1996 na wimbo ukasifiwa kuliko filamu yenyewe. Wakaona wasiishie hapo. Albamu nzima ikatoka Septemba 1998, nyimbo 12 za watu walioachwa, na wimbo mmojawapo, "I Still Have That Other Girl", ukawapatia tuzo ya Grammy mwaka 1999. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba sauti ya Costello, yenye mikwaruzo na mtetemo mwingi, ilikuwa inakamuliwa kupita uwezo wake. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini mwimbaji mwenye sauti ya dhahabu angeziimba nyimbo zile kana kwamba hazimuumi, na hapo zingebaki mapambo.

Baada ya hapo Costello alitangatanga, tena kwa raha zake. Tayari mwaka 1993 alikuwa amerekodi na kundi la ala nne za nyuzi, Brodsky Quartet, na ni katika kipindi hicho ndipo alipojifunza kuandika na kusoma nota, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa. Aliandika muziki wa tamthilia ya kucheza, "Il Sogno", akarekodi kantri, akatoa albamu ya piano na majonzi, "North", mwaka 2003, na mwaka 2013 akashirikiana na kundi la hip hop la The Roots. Katikati ya hayo imani yake katika biashara ya albamu ilipungua. Mwaka 2011 kampuni yake ilipotoa kasha la kifahari la onyesho lake kwa bei ya kuruka, Costello mwenyewe aliwaambia mashabiki wasilinunue. Wenye pesa wanunue kasha la Louis Armstrong, lina muziki mwingi na bora zaidi. Sijui wauzaji wangapi wamewahi kufanyiwa hivyo na bidhaa yao wenyewe.

Ndiyo maana "Look Now" ilikuja kama jambo la ghafla. Ilikuwa albamu ya kwanza ya Costello na The Imposters tangu "Momofuku" ya 2008: Nieve kwenye kinanda na Pete Thomas kwenye ngoma, wote wawili wakiwa naye tangu miaka ya sabini, na Davey Faragher kwenye besi. Mtayarishaji mwenza alikuwa Sebastian Krys, mzaliwa wa Argentina aliyejijengea sifa katika muziki wa Kilatini. Mbegu ilipandwa barabarani, katika ziara ambayo bendi iliichambua upya "Imperial Bedroom" jukwaani usiku baada ya usiku. Costello alieleza kwamba hapo ndipo alipotambua wanaweza kutengeneza albamu yenye upana wa "Imperial Bedroom" na hisia za "Painted from Memory".

Sentensi hiyo aliitoa yeye kabla albamu haijatoka. Wahakiki wakaidaka. Ukisoma tathmini za Oktoba 2018 utazikuta albamu hizo mbili karibu kila mahali, mara nyingi katika aya ya kwanza, kana kwamba kila mwandishi amezikumbuka peke yake usiku wa manane. Msanii mzoefu anajua kwamba mhakiki mwenye siku mbili za kusikiliza na maneno 500 ya kujaza atashukuru akikabidhiwa rula. Costello aliikabidhi, na rula ilikuwa imechongwa kwa mti wake mwenyewe.

Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni umri wa nyimbo. "Unwanted Number" iliandikwa kwa ajili ya ileile "Grace of My Heart", ambamo iliimbwa na kundi la wasichana. "Burnt Sugar Is So Bitter" aliitunga na Carole King, miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuirekodi. Nyimbo alizotunga na Bacharach zilitokana na miaka mingi ya kazi, kwani wawili hao walikuwa na mpango wa kuigeuza "Painted from Memory" kuwa tamthilia ya muziki, na mpango ukakwama. Kwa hiyo wakati wahakiki wakimwona akipiga roki, akipiga kantri, akipiga hip hop, nyumbani droo ilikuwa ikijaa nyimbo za fidla. Tofauti kubwa kati ya 1982 na 2018 ni kalamu. Zamani alihitaji Nieve amwandikie orkestra. Safari hii mipangilio ya nyuzi na ala za upepo aliiandika zaidi yeye mwenyewe, na ndiyo sababu ala hazisikiki kama vazi lililoazimwa.

Uzuri huo wa nje unaficha habari chungu, na hapa wahakiki walifanya kazi yao vizuri. Chukua "Stripping Paper". Mwanamke amegundua mumewe si mwaminifu. Hapigi kelele, havunji sahani. Anabandua karatasi za ukutani. Kila tabaka analolitoa linafunua lililokuwa chini yake, na kwenye tabaka hizo miaka ya ndoa inarudi: jinsi walivyokuwa wakipendana, na mstari wa penseli waliouchora kupima mtoto wao anavyorefuka. Piano inakwenda polepole, ala nyingine zinaingia kwa adabu, na Costello anaimba nafsi ya mwanamke huyo bila kubana sauti wala kuigiza. Wapo waliouita wimbo bora wa albamu. Ni vigumu kuwapinga, kwani hakuna neno ndani yake lililowekwa ili msikilizaji astaajabie ujanja wa mtunzi, na ujanja ndio uliokuwa ugonjwa wa Costello tangu ujana.

"Photographs Can Lie", wimbo ambao Bacharach mwenyewe anapiga piano, ni wa binti anayegundua kwamba baba aliyemwamini ana siri. Bacharach alikuwa na miaka 90. Ukiusikiliza baada ya "Stripping Paper", unakuwa umeingia nyumba moja kwa milango miwili, wa mama na wa mtoto.

Wimbo wa kufungulia, "Under Lime", una kelele zaidi, na ndio uliozungumzwa sana. Unamrudisha Jimmie, mwimbaji wa nyimbo za kichunga ng'ombe ambaye Costello alimtunga katika albamu ya 2010, "National Ransom", akiwa ameloa mvua na kusahauliwa kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1930. Sasa miaka imepita, Jimmie amezeeka, amealikwa kwenye studio ya matangazo, na binti mdogo wa kazi ametumwa amwangalie asilewe kabla ya kipindi. Mzee anamnyemelea binti. Tarumbeta zinashangilia, waitikiaji wanacheka, muziki wote una furaha ya sarakasi, huku tunayoyasikia yakiwa ya aibu. Mwaka mmoja tu kabla, shutuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein zilikuwa zimefungua vinywa vya wanawake wengi katika filamu na muziki, na wahakiki hawakukawia kuunganisha. Costello hakumhukumu Jimmie wala hakumsamehe. Alimwacha afanye mambo yake mbele ya orkestra.

Si kila kitu kilipita. Kulikuwa na minong'ono kwamba albamu imeshiba kupita kiasi, kwamba baadhi ya nyimbo za katikati zina vyumba vingi na msikilizaji anapotea njia ya kutokea. "Mr. & Mrs. Hush" ina pilikapilika nyingi kuliko wimbo. Na kuhusu sauti, mgogoro ni uleule wa 1998, isipokuwa umri umeupunguza makali. Katika "Suspect My Tears" anapanda hadi sauti ya juu nyembamba ambayo kijana angeipata bila jasho, naye anaipata kwa jasho linalosikika. Wimbo ni wa mtu anayekiri kwamba machozi yake huenda ni ya uongo, kwa hiyo jasho lile linafaa.

Ugonjwa nao uliathiri mapokezi, ingawa ni wachache waliotaka kukiri. Mtu anayeandika juu ya msanii aliyetoka kwenye upasuaji wa saratani miezi michache iliyopita hunoa kalamu yake kidogo tu. Costello mwenyewe alikerwa na magazeti yaliyoikuza habari hiyo hadi ikaonekana yuko mlangoni pa kaburi. Halafu tarehe 2 Oktoba, siku kumi kabla ya albamu kutoka, Geoff Emerick akafariki dunia, na "Imperial Bedroom" ikaanza kutajwa upya katika kurasa za tanzia wiki ileile ambayo tathmini za "Look Now" zilikuwa zikiandikwa.

Januari 2020 Grammy ya albamu bora ya pop ya jadi ilikwenda kwa "Look Now". Washindani wake katika kundi hilo walikuwa Andrea Bocelli, Michael Bublé, John Legend na Barbra Streisand, majina ambayo kijana wa "Radio Radio" angeyatungia wimbo wa kejeli. Katika maisha yake yote ya muziki Costello alikuwa ameshinda Grammy moja tu kabla ya hiyo, ile ya 1999. Zote mbili zilitoka upande wa fidla. Albamu za gitaa zilizomfanya aingizwe kwenye jumba la heshima la Rock and Roll mwaka 2003 hazikumpatia hata moja.

Alichofanya mwezi uliofuata kingewafaa wahakiki kujifunzia. Februari 2020 alikwenda Helsinki, akajifungia studio peke yake na kurekodi nyimbo za vurugu, ala zote akizipiga mwenyewe. Hizo ziliingia kwenye "Hey Clockface", iliyotoka Oktoba mwaka huo, pembeni ya nyimbo tulivu alizorekodi Paris na Nieve. Januari 2022 ikaja "The Boy Named If", imejaa gitaa na ngoma nzito za Pete Thomas, na magazeti yakaandika kwamba Costello amerudi, safari hii kwenye roki.

Burt Bacharach alifariki tarehe 8 Februari 2023. Mwezi uliofuata likatoka kasha lililokuwa tayari limeandaliwa, "The Songs of Bacharach & Costello", likiwa na nyimbo za ile tamthilia iliyokwama, baadhi zikiimbwa na waimbaji wengine. Mbili kati yake, "You Can Have Her" na "Look Up Again", Costello alizirekodi mwaka 2021 katika studio za Capitol, Hollywood, akiwa na orkestra kamili, na Bacharach, mwenye miaka 93, akiwa ndani ya studio kuhakikisha nota zake haziguswi.